Mzunguko wangu hautulii: je, ni kweli homoni zimevurugika?

"Shikamoo daktari. Nina miaka 29, niliolewa mwaka jana na sasa ni mwezi wa nane tunatafuta mtoto. Mzunguko wangu hautulii. Miezi sita ya mwisho umekwenda hivi: siku 29, 34, 31, 35, 28, 33. Nilifundishwa kwamba siku ya hatari ni ya 14. Mume wangu ni dereva wa lori la masafa, Dar hadi Lubumbashi, kwa hiyo anajitahidi kupanga safari ili siku hiyo awe nyumbani. Hakuna kitu. Ule mwezi wa siku 35 nilielekezwa nikapime projesteroni siku ya 21, ikatoka 1.2, nikaambiwa iko chini na yai halipevuki. Dada mmoja anayeuza dawa kwenye kundi letu la WhatsApp anasema homoni zimevurugika kwa sababu ya P2, vile vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, nilizomeza nikiwa chuo, na kwamba damu chafu imeganda kwenye kizazi, ndiyo maana natoa mabonge. Dawa yake ya kusafisha kizazi na kubalansi homoni ni shilingi 180,000. Mama mkwe naye ameanza kuuliza. Nifanye nini?"

Marahaba, binti yangu. Umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: umeandika tarehe. Hizo namba sita zimenieleza mengi kuliko karatasi ya maabara, na nikizisoma sioni dalili ya homoni kuvurugika. Naona mwanamke aliyepewa hesabu isiyo yake, kisha akapimwa kwa hesabu hiyohiyo na kuambiwa ana kasoro. Hiyo 180,000 iache kwanza mfukoni, tulifungue jambo hili taratibu.

Unachouliza hasa ni kama mzunguko unaopishana namna hii ni ugonjwa, na kama ndio unaokunyima mtoto. Kuhusu kupishana, jibu ni hapana. Mzunguko huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya damu hadi siku moja kabla ya damu inayofuata. Kwa mwanamke mtu mzima, urefu wa siku 24 hadi 38 ni wa kawaida, na kwa umri wako, mwezi mfupi na mwezi mrefu vikipishana hadi siku 7 bado tuko ndani ya kawaida. Wako mfupi ni 28, mrefu ni 35. Wanawake ambao hedhi yao huja kila baada ya siku 28 bila kukosea ni wachache sana, ingawa sote tulikaririshwa namba hiyo shuleni.

Hiyo siku ya 14 nayo ina historia yake. Katika miaka ya 1920, madaktari wawili, Kyusaku Ogino wa Japani na Hermann Knaus wa Austria, kila mmoja akifanya kazi kivyake, walionyesha kwamba yai hutoka takriban wiki mbili kabla ya hedhi inayofuata. Walihesabu kurudi nyuma. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28, ukirudi nyuma siku 14 au ukienda mbele siku 14 unafika palepale, na hapo ndipo somo lilipogeuzwa. Watu wakaanza kuhesabu kutoka hedhi iliyopita, wakaifanya siku ya 14 kuwa ya wanawake wote. Ili uone kwa nini haiwezi kuwa ya wote, inabidi nikueleze mwezi unavyokwenda ndani ya mwili.

Siku damu inapoanza, estrojeni na projesteroni zote ziko chini. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi inatoa homoni yake kidogo kidogo, kila baada ya saa moja au moja na nusu hivi, na tezi ya pituitari iliyo chini yake inaitikia kwa kutoa homoni mbili, FSH na LH. FSH inakwenda kwenye ovari na kukuza vifuko vidogo ambavyo kila kimoja kina yai. Vinaanza kukua kadhaa kwa pamoja. Baada ya siku chache kimoja kinawapita wenzake na kuanza kutoa estrojeni nyingi, na estrojeni hiyo inairudia pituitari na kuipunguzia kasi ya kutoa FSH. Vile vifuko vingine, vikikosa FSH ya kutosha, vinafifia. Ndiyo maana kwa kawaida mwezi mmoja hutoa yai moja. Wakati huohuo estrojeni inajenga upya ukuta wa ndani wa mji wa mimba uliobanduka na hedhi, na inalainisha ute wa shingo ya kizazi ili mbegu ziweze kupita.

Kisha hutokea jambo ambalo mimi hadi leo naliona la ajabu. Estrojeni hiyohiyo iliyokuwa ikiizuia pituitari, ikipanda sana na kubaki juu kwa siku kama mbili mfululizo, inaigeuza tabia. Pituitari sasa inamwaga LH kwa wingi. Saa 36 hivi tangu LH ianze kupanda, kile kifuko, ambacho kwa sasa kina upana wa milimita 20 hivi, kinapasuka na yai linatoka. Huko ndiko kupevuka kwa yai.

Angalia kwamba katika maelezo yote hayo sijataja tarehe hata mara moja. Ndani ya mwili hakuna kalenda inayosema leo ni siku ya 14, toa yai. Yai linatoka pale kifuko kinapokomaa na estrojeni inapotosha kuamsha LH. Mwezi mmoja kifuko kinakomaa upesi, mwezi mwingine kinachukua muda. Ukipata malaria kali, ukifiwa, ukipungua uzito ghafla au ukikosa usingizi wiki nzima, haipothalamasi inaweza kupunguza mwendo wake na yai likasogea mbele kwa siku kadhaa, au mwezi huo lisitoke kabisa.

Nusu ya pili ya mwezi haiko hivyo. Kifuko kilichopasuka hakipotei. Kinageuka kuwa tezi ya muda, ya rangi ya manjano, inayotoa projesteroni. Projesteroni ndiyo inayoutayarisha ukuta wa mji wa mimba kupokea kiinitete, inaufanya ute uwe mzito, na inapandisha joto la mwili kidogo. Tezi hiyo ina umri wake: kwa wanawake wengi inaishi siku 12 hadi 14, wachache inapungua au kuzidi hapo kidogo. Mimba ikitunga, kiinitete kinatoa homoni ya hCG, ileile inayosomwa na kipimo cha mimba cha mkojo, na hCG ndiyo inayoiambia tezi isife. Mimba isipotunga, tezi inakufa, projesteroni inashuka, mishipa midogo ya ukuta ule inajibana, ukuta unabanduka. Hiyo ndiyo hedhi.

Kwa hiyo mwezi wako ukiwa mrefu, kilichorefuka karibu kila mara ni nusu ya kwanza. Tunasema hedhi imechelewa, lakini lililochelewa ni yai, na hedhi ikalifuata kwa nafasi yake ya kawaida.

Sasa chukua daftari lako. Kutoka kwa kila mwezi toa 14. Yai lako lilitoka karibu na siku ya 15, 20, 17, 21, 14 na 19, kukosea kwa siku moja au mbili kukiruhusiwa. Mbegu za mwanaume zinaweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5 ute ukiwa mzuri, ila yai likishatoka linaishi saa 12 hadi 24 tu. Ina maana siku za kushika mimba ni kama sita: tano za kabla, na siku yenyewe ya yai. Mlipokutana siku ya 14, mwezi wa siku 28, wa 29 na wa 31 mlikuwa na nafasi ya kweli. Mwezi wa siku 33 mbegu zilitakiwa zisubiri siku tano nzima, na hilo ni la bahati. Mwezi wa siku 34 na ule wa 35, kama hamkukutana tena baadaye, mbegu zilikuwa zimeshakufa yai lilipotoka.

Ninyi mnahesabu miezi minane ya kutafuta. Mimi nikihesabu miezi ambayo mbegu na yai vilipata nafasi ya kukutana, kama minne ile ambayo hukuitaja ilikwenda vivyo hivyo, napata karibu nusu yake. Na hata wenzi wenye afya njema, wakikutana siku zilezile zinazotakiwa, kwa mwezi mmoja nafasi yao ni kama moja kati ya nne au tano. Miezi minne isiyo na mimba haithibitishi kasoro yoyote.

Nirudi kwenye kile kipimo, kwa sababu kimekuumiza bila sababu. Projesteroni hupanda baada ya yai kutoka na hufika kileleni kama siku 7 baadaye. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28, siku hiyo ni ya 21, ndiyo maana kipimo kikapewa jina la siku ya 21. Lakini mwezi huo wewe ulikwenda siku 35. Yai lako lilikuwa linatoka siku ya 21 yenyewe, au karibu sana. Ulichukuliwa damu siku ambayo projesteroni kwa kila mwanamke mzima huwa chini, ikatoka 1.2, na hiyo ndiyo namba ambayo ningeitarajia. Siku yako sahihi ilikuwa ya 28. Ingepimwa siku hiyo na kuzidi 3, kwa kipimo cha nanogramu kwa mililita, tungesema yai limetoka. Sikuhakikishii kwamba lilitoka, maana mwanamke anaweza kuona damu hata katika mwezi ambao yai halikupevuka. Ninachosema ni kwamba karatasi ile haikupi jibu la ndiyo wala la hapana, na hukupaswa kulia kwa ajili yake.

Hayo ya homoni kuvurugika nayajibu hivi: homoni za hedhi hazitakiwi kuwa sawasawa. Zinapanda na kushuka kwa zamu mwezi mzima, na huko kupanda na kushuka ndiko kunakotoa yai na kuleta damu. Anayeahidi kuzibalansi bila kukuuliza uko siku ya ngapi hajui anachokiuza. Matatizo ya homoni yapo, na yana majina na vipimo. Tezi ya thairoidi pale shingoni inaweza kufanya kazi pungufu au kupita kiasi. Prolaktini inaweza kupanda, wakati mwingine kwa sababu ya dawa unayotumia, na chuchu zikatoa maziwa ilhali hunyonyeshi. Kuna PCOS, yaani hali ya ovari kuwa na vifuko vingi vidogo visivyokomaa, ambayo humpata kama mwanamke mmoja kati ya kumi: hedhi hukaa miezi miwili mitatu bila kuja, ndevu au nywele za kifua huota, chunusi hazikomi, na mara nyingi sukari na uzito navyo huhusika. Hayo hutambuliwa kwa maelezo yako, kwa damu na kwa utrasaundi. Mzunguko wako, kwa ulivyoniandikia, haufanani nayo.

P2 haikukuharibu. Ni dozi moja ya homoni inayochelewesha LH kupanda, ili yai lisitoke siku ambazo mbegu ziko hai. LH ikiwa imeshapanda, haisaidii kitu. Mwezi unaoimeza hedhi yaweza kuwahi au kuchelewa, kisha dawa inaisha mwilini na ovari inaendelea na kazi yake. Haibaki kwenye kizazi miaka inasubiri uolewe. Njia inayochukua muda kuachia ni sindano ya miezi mitatu: kwa wastani hupita kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho kabla ya mimba kupatikana. Kama uliwahi kuchomwa hivi karibuni, mwambie daktari wako, maana hilo hubadilisha hesabu.

Damu ya hedhi nayo si uchafu. Ni damu yako ya kawaida pamoja na ukuta ule uliojengwa ukakosa mgeni, na kizazi hujisafisha chenyewe kila mwezi kwa kuutoa. Mji wa mimba una vimeng'enya vinavyozuia damu isigande ikiwa inatoka. Damu ikija kwa kasi siku ya kwanza na ya pili, vimeng'enya haviwahi, na unaona mabonge. Madogo hayana neno. Yakizidi upana wa sentimita 2.5, ukiloanisha pedi nzima kila saa kwa saa kadhaa, au damu ikipita siku 8, hapo nenda ukapimwe wingi wa damu na ufanyiwe utrasaundi, kwa sababu uvimbe wa kizazi, ule tunaouita fibroidi, ni wa kawaida sana kwa wanawake wetu na unatibika.

Ninachokuomba kwa nguvu zangu zote ni usiweke chochote ukeni kwa jina la kusafisha: si vidonge vya mitishamba, si pamba zilizochovywa dawa, si kujifukiza na mvuke. Uke una bakteria wake walinzi wanaotunza uchachu wake. Ukiwaondoa unakaribisha maambukizi, na maambukizi yakipanda hadi kwenye mirija yanaweza kuiziba. Dawa ya kutafuta mtoto ikawa ndiyo iliyomfungia njia.

Sasa la kufanya. Acheni kuifukuzia siku moja. Kwa mizunguko yako, siku za kushika mimba zinaweza kuangukia popote kati ya siku ya 9 na ya 21. Mume akiwa nyumbani ndani ya siku hizo, kutaneni kila baada ya siku moja au mbili, bila presha ya tarehe. Safari ya Lubumbashi najua ina foleni ya Tunduma na haipangiki kama ratiba ya basi, lakini kupata siku nne tano nyumbani katikati ya kipindi hicho ni rahisi zaidi kuliko kuikimbilia siku moja ambayo huenda hata si yenyewe.

Ili usogee karibu zaidi na siku yenyewe, tazama ute wako unapokwenda chooni. Siku za baada ya hedhi unaweza kuwa mkavu, kisha ukatokea ute mzito, mweupe. Yai linapokaribia, ute unakuwa mwingi, angavu na wa kuteleza kama ute wa yai bichi la kuku, na ukiuvuta kati ya vidole viwili unarefuka bila kukatika. Huo ndio wakati. Siku ya mwisho ya ute huo huwa karibu sana na siku ya yai. Maduka ya dawa ya mjini yana vipimo vya mkojo vya LH pia. Anza kupima siku ya 11, kila siku saa ileile, na kikionyesha LH imepanda, yai lina siku moja hadi moja na nusu. Shanga za kuhesabu siku, ambazo kliniki nyingine hutoa kwa uzazi wa mpango, hazikufai, kwa sababu zilitengenezwa kwa mwenye mzunguko wa siku 26 hadi 32 na wewe unavuka hapo.

Kuna kitu ambacho hakina ubishi na bei yake ni ndogo: asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, kuanzia sasa na si baada ya mimba kuonekana, maana uti wa mgongo wa mtoto hujifunga wiki za mwanzo kabisa. Kinyume chake, usinunue dawa ya kupevusha mayai dukani kwa ushauri wa rafiki. Ni dawa nzuri mikononi mwa daktari anayefuatilia ovari kwa utrasaundi. Ukiinywa kienyeji unaweza kupata mapacha ambao hukuwapanga, au ovari zikavimba, na kama mirija ndiyo iliyoziba haitakusaidia chochote.

Kwa umri wenu, mwaka mmoja wa kukutana siku zinazofaa ndio muda tunaoupa kabla ya uchunguzi, na ungekuwa na miaka 35 ningesema miezi sita. Usisubiri mwaka uishe kama hedhi itakaa miezi mitatu bila kuja, kama mizunguko itashuka chini ya siku 24 au kupita 38, kama uliwahi kuugua maambukizi ya kizazi au kufanyiwa upasuaji wa tumbo la chini, au kama maumivu ya hedhi yanakulaza kitandani na tendo la ndoa linauma kwa ndani. Ukiwa na maumivu makali ya tumbo upande mmoja na hedhi imepita siku zake, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, kwani inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi.

Mtakapokwenda, nendeni wawili. Katika karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, upande wa mwanaume una mchango, na kipimo cha mbegu ni rahisi na cha bei ndogo kuliko vingi utakavyofanyiwa wewe. Mumeo akae siku 2 hadi 7 bila kutoa mbegu, kisha sampuli ifike maabara ndani ya saa moja. Akae pia akijua kwamba sigara, na joto la muda mrefu kwenye korodani, hupunguza mbegu. Majibu yakiwa chini yarudiwe baada ya miezi mitatu hivi, maana mbegu za leo zilianza kutengenezwa zaidi ya miezi miwili nyuma. Kuhusu mama mkwe, hilo ni la mume kumjibu mama yake, na namshauri amjibu yeye, kwa sauti yake mwenyewe, kwamba mnatafuta pamoja na mnapimwa pamoja.

Wewe mwenyewe, kama unataka kurudia projesteroni, subiri kipimo cha mkojo kionyeshe LH, hesabu siku 8 kutoka hapo, ndiyo uende maabara. Mwombe anayekutoa damu aandike kwenye fomu tarehe ya hedhi yako ya mwisho na siku LH ilipopanda. Hedhi inayofuata ikija, kama itakuja, hesabu tena kurudi nyuma uone kama siku zinakubaliana, na majibu hayo ndiyo umpelekee daktari pamoja na daftari lako.